Kiswahili Hakimo Kwenye Ramani ya Cannes

Kila Mei picha zinazotufikia kutoka Cannes ni zilezile: zulia jekundu, ngazi 24, mwongozaji kijana kutoka Khartoum au Lagos amemshika mkono mwigizaji wake, na wapiga picha wanaita majina. Tunazisambaza kwenye simu, tunaandika pongezi, kisha tunaisubiri filamu. Haiji. Mwaka unapita, wa pili unapita, na wengi wetu tunabaki kuijua kazi ya jirani yetu kwa bango lake tu. Katika safu hii nimezoea kuandika juu ya ubora wa filamu. Leo naandika juu ya kutofika kwake, kwa sababu nimeamini kwamba hapo ndipo palipo na donda. Filamu za kisanaa za Afrika zinazozinduliwa kwenye matamasha makubwa hazipotei kwa kuwa ni ngumu, wala kwa kuwa watu wetu hawazitaki. Zinapotea kwa sababu, haki zake zinapogawanywa, wasemaji wa Kiswahili hawahesabiwi kuwa soko. Na hawahesabiwi kwa kuwa hakuna aliyewadai.

Anayetaka kuelewa jambo hili aachane na zile ngazi, aingie ndani ya jengo. Tamasha la Cannes lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1946. Soko lake, Marché du Film, lilianza 1959, na mpaka leo linafanyika siku zilezile za tamasha, kwenye jengo lilelile na mahema yanayolizunguka. Katika ukumbi mkubwa wa Lumière, wenye viti takriban 2,300, filamu inaonekana kwa mara ya kwanza duniani. Hatua chache kutoka hapo, kwenye vibanda vilivyopangwa safu kwa safu, mawakala wa mauzo wanakutana na wasambazaji kwa vikao vya nusu saa, asubuhi mpaka jioni. Kinachotokea ukumbini ndicho kinachopanga bei vibandani. Ndiyo maana onyesho la kwanza ni mali, tena mali ya kutumika mara moja. Kanuni za Cannes haziipokei filamu iliyokwisha kuwekwa kwenye intaneti au kupelekwa katika tamasha jingine la kimataifa. Mtayarishaji anayeamua azindulie wapi filamu yake anachagua mahali pa kuchinjia ng'ombe wake wa pekee.

Mauzo yenyewe huenda hivi. Wakala huchukua haki za dunia nzima, au dunia yote isipokuwa nchi alizojibakizia mtayarishaji. Kisha huikata dunia vipande: Ufaransa peke yake, Ujerumani na Austria pamoja, Ubelgiji na Uholanzi, Japani, Amerika ya Kaskazini, nchi za Kiarabu. Kila kipande kina msambazaji wake, bei yake, na tarehe ya filamu kuingia kumbini. Mwisho kabisa wa orodha mara nyingi kuna mstari mmoja: Afrika kusini mwa Sahara. Mstari huo humezwa na kampuni moja ya televisheni ya kulipia, au hufungwa pamoja na haki za kuonyesha kwenye ndege, au huachwa mtupu. Wakala hukata kamisheni yake, ambayo kwa kawaida ni kati ya asilimia 20 na 30, na hurudisha kwanza gharama zake za matangazo, kabla mtayarishaji hajaona senti. Simlaumu, hiyo ndiyo kazi yake, na pasipo yeye filamu nyingi zingeishia kwenye diski ngumu ya mwongozaji. Ila atauza pale anapomjua mnunuzi. Dar es Salaam, Mombasa, Lubumbashi na Bujumbura haoni nani wa kumpigia simu.

Chukueni mwaka 2023, mwaka ambao sitausahau. Kitengo cha Un Certain Regard, ambacho tangu 1978 kimekuwa mlango wa waongozaji wapya na wa namna tofauti, kilitoa tuzo sita. Nne zilikwenda kwa kazi zenye mizizi Afrika: Les Meutes ya Kamal Lazraq na uongozaji wa Asmae El Moudir, wote wa Morocco; Goodbye Julia ya Mohamed Kordofani wa Sudan; na Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Kwenye mashindano makuu walikuwamo Kaouther Ben Hania wa Tunisia na Ramata-Toulaye Sy, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, aliyeingia huko na filamu yake ndefu ya kwanza. Ilikuwa neema. Lakini fuatilieni Goodbye Julia na Augure zilivyosafiri baada ya hapo, kwani safari zake hazikufanana.

Goodbye Julia ilikuwa filamu ya kwanza ya Sudan kuingia katika uteuzi rasmi wa Cannes. Kordofani alikuwa mhandisi wa ndege kabla ya kushika kamera. Anasimulia habari za Mona, mwanamke wa Khartoum aliyeacha kuimba ili kumridhisha mumewe. Mona anasababisha kifo cha mwanamume wa Kusini, kisha anamchukua mjane wa marehemu awe mtumishi wake, anamlipia mtoto wake shule, na siri anaimeza. Hayo yanatokea miaka ya mwisho kabla Sudan Kusini haijajitenga mwaka 2011. Vita vya Sudan vililipuka tarehe 15 Aprili 2023, mwezi mmoja tu kabla ya tamasha, kwa hiyo filamu ilizinduliwa mji wake ukiungua. Pamoja na hayo ilifika kwa watu wa lugha yake. Iliingia kumbi za Misri na za Ghuba, ambako Wasudani waliokimbia waliweza kukata tiketi na kukaa gizani kusikia Kiarabu cha kwao. Iliwezekana kwa sababu nchi za Kiarabu ni kipande kinachojulikana kwenye ramani ya mauzo. Kuna wasambazaji wake, kuna wafuatiliaji wake, kuna bei.

Augure inatuhusu zaidi, nami nataka nikae nayo. Koffi anarudi Kongo kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mzungu, mjamzito, kupeleka mahari na kutafuta kupokelewa na mama aliyemtenga. Uso wake una alama ya kuzaliwa, na kwa alama hiyo familia ilimhukumu kuwa mchawi tangu utotoni. Kuna tukio moja kwenye karamu ya nyumbani. Koffi amepewa kitoto kichanga akipakate. Pua yake inaanza kuvuja damu, na damu inamdondokea mtoto. Kuna ukimya wa mashangazi na wajomba, kisha mikono inayomnyang'anya mtoto, kisha kelele. Mwongozaji haamui nani ana akili timamu. Anamwonyesha mtu anayejua damu ya puani ni ugonjwa tu, akiwa katikati ya watu wanaojua ni kitu kingine, na wote wanaogopa kweli. Jina Baloji lenyewe ni ndugu wa neno letu "walozi", na mtu aliyekua na jina hilo ameipiga filamu hii kana kwamba anajibu swali aliloulizwa tangu shuleni. Wahusika wanasema Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Kiswahili! Kile cha Katanga, chenye lafudhi inayomfanya Mtanzania atege sikio mara mbili halafu atabasamu. Kilizungumzwa Cannes mbele ya dunia, filamu ikapata tuzo ya sauti mpya, kisha ikapelekwa Oscar kuwakilisha Ubelgiji.

Hapo wengi hukasirika, nami naelewa hasira hiyo, lakini haielekezwi mahali pake. Filamu hupeperusha bendera ya waliotoa fedha. Augure ilijengwa kwa fedha za nchi kadhaa za Ulaya pamoja na Kongo na Afrika Kusini, na Ubelgiji ilikuwa na sehemu kubwa. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2025 kwa My Father's Shadow ya Akinola Davies, filamu ya kwanza ya Nigeria kuingia uteuzi rasmi wa Cannes: siku moja Lagos, Juni 1993, baba na wanawe wawili wakizunguka mji wakati uchaguzi wa nchi unafutwa. Uingereza ndiyo iliyoipeleka Oscar. Lakini angalieni Wanigeria walivyofanya. Miezi minne baada ya Cannes, Septemba mwaka huohuo, filamu ilikuwa kwenye kumbi za Nigeria. Bendera ilikuwa ya wengine, ila nyumbani palikuwa pameandikwa kwenye mkataba. Nyumbani kwa Augure ni Kinshasa na Lubumbashi, na kwa upana zaidi ni kila mahali panaposikika Kiswahili chake. Fedha za Kongo zilikuwamo, lakini eneo hilo zima la Kiswahili halina mstari wake kwenye orodha ya wakala.

Wale wanaosema hatuna watu

Najibiwa mara kwa mara kwamba filamu hizi ni za wazungu: zinatengenezwa kwa fedha zao na kwa ladha yao, na mtu wetu atalala baada ya dakika kumi. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, na sitaificha. Mifuko kama Hubert Bals wa Rotterdam au World Cinema Fund wa Berlin, ulioanza 2004, ina wasomaji wa miswada, na wasomaji wana mazoea. Mwandishi anayejua kwamba umaskini na vita vinaeleweka haraka kule anaweza kujikuta anaandika umaskini na vita. Nimesoma miswada iliyoharibika hivyo. Lakini upole wa mwendo si wa kizungu. Watu walewale wanaosema filamu inachelewa hukaa usiku kucha kwenye taarabu, ambako vinanda na ganuni hupiga bashraf nzima kabla mtu hajafungua kinywa, na wimbo mmoja hujizungusha robo saa juu ya fumbo moja. Hakuna anayeguna. Wamefundishwa na mama zao jinsi ya kusikiliza. Kinachokosekana kwenye filamu za kisanaa ni mazoea, na mazoea hayajengeki kwa filamu moja kwa miaka mitatu.

Jibu la pili ninalopewa ni kwamba watu wetu hawaendi sinema. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya katika uteuzi rasmi wa Cannes, mwaka 2018, na nyumbani ilipigwa marufuku kabla haijazinduliwa kwa kuwa inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Septemba mwaka ule Mahakama Kuu ya Nairobi ilisimamisha marufuku kwa siku saba. Kumbi zilijaa. Mtu akubaliane au asikubaliane na filamu ile, siku zile saba zilionyesha kwamba watazamaji wapo, na wanalipa. Tena mkumbuke vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mtaani. Kwa miaka mingi, mitaa ya Tanzania ilizijua filamu za Hong Kong na India kupitia sauti ya Lufufu, na Kenya kupitia DJ Afro: watu waliochukua filamu ya kigeni, wakaisimulia upya kwa Kiswahili, wakampa steringi jina la mtaani na adui tabia ya jirani. Wasomi waliita uharamia, na kisheria mara nyingi ulikuwa uharamia. Lakini mtu akiniambia kwamba Mswahili hawezi kufuata filamu ya nchi asiyoijua, namkumbusha benchi la mbao na shilingi zilizolipwa mlangoni.

Wapo pia wanaoshauri filamu iwekwe YouTube mara tu inapokamilika, watu waione. Moyo wao ni mzuri. Ila nimeshaeleza: ukishaiweka huko umekwisha kuitumia ile mali ya mara moja, na milango mingine inajifunga siku hiyohiyo. YouTube iwe kituo cha mwisho cha safari.

Kipande chetu

Basi tufanye nini? Tuanze na mkataba. Mtayarishaji yeyote wa filamu yenye Kiswahili ndani yake, kabla hajatia saini na wakala, ajibakizie haki za eneo la Kiswahili: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, kumbi, televisheni na mtandao. Wakala hatakataa sana, kwa sababu eneo hilo halimwingizii kikubwa. Hivi leo tunamwachia bure kile asichokitumia. UNESCO inahesabu wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, na tangu 2022 Siku ya Kiswahili Duniani inaadhimishwa kila tarehe 7 Julai. Tunaisherehekea kwa hotuba na vitenge. Lugha yenye watu wengi hivyo ingepaswa kuwa na mstari wake kwenye orodha ya bei, kama Kiarabu kilivyo nao.

Lakini haki usizozitumia ni karatasi tu, kwa hiyo lazima kuwe na wa kuzipokea. Hapa serikali zetu zinaweza kufanya jambo kubwa kwa fedha kidogo. Katika utayarishaji wa pamoja, anayetia fedha hupata nchi yake, hata kama fungu lake ni dogo. Tanzania ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, Kenya ina Tume ya Filamu. Zikitia fungu dogo katika filamu inayopigwa Goma au Unguja kwa fedha za Ulaya, zinapata kiti mezani na sahihi kwenye ukurasa wa haki. Ni rahisi kuliko kugharimia filamu nzima, na inadumu kuliko kupeleka ujumbe wa watu kumi Cannes kupiga picha mbele ya banda.

Kisha pawepo na mahali pa kuzindulia kwa Kiswahili. Zanzibar ina tamasha lake la filamu, ZIFF, tangu miaka ya mwisho ya 1990, na Ngome Kongwe usiku, anga wazi juu, watoto wamekaa kwenye ngazi za mawe, ni mahali ambapo ningependa kila filamu ya Kiswahili ionyeshwe mara ya kwanza nyumbani, mwaka uleule ilipozinduliwa ng'ambo. Baada ya hapo izunguke: kumbi chache za kibiashara za Dar na Nairobi, vyuo vikuu, vituo vya utamaduni, kumbi za halmashauri, Muscat pia, ambako kuna familia zinazoongea Kiswahili cha Unguja mezani mpaka leo. Kumbi zetu za zamani zimekufa, na wanaopita Mji Mkongwe wanajua majengo gani nayasema, lakini projekta nzuri na kitambaa cheupe bado vinaingia kwenye gari moja.

Na jambo la mwisho ni la tafsiri, ambalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwaka 2021 Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kuteuliwa na tamasha la Toronto. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin aliyemkimbia mume mzee aliyeozwa, Denge anayesambaza karatasi za kuipinga serikali ya kikoloni. Uzuri wake mwingi umo ndani ya usemi: nani anamwita nani bwana, nani anakatisha maneno, nani ananyamaza. Filamu ya namna hii inapopelekwa nje, maandishi ya chini ya skrini ndiyo sauti yake pekee, na kwa kawaida hutengenezwa wiki ya mwisho, fedha zimekwisha, na mtu aliyeshika lugha moja tu kati ya hizo mbili.

Niliwahi kukaa kwenye ukumbi mdogo Ulaya kutazama filamu fupi ya Kiswahili. Kijana anaingia uani kwa bibi yake baada ya ugomvi mrefu. Anasimama mlangoni, hasemi. Kisha anasema, kwa sauti ya chini, "Shikamoo." Bibi anapepeta mchele, hainui kichwa. Anapepeta, anapepeta. Halafu: "Marahaba." Mimi na mama mmoja wa Kimombasa aliyekaa nyuma yangu tulivuta pumzi kwa pamoja, kwa sababu ugomvi ulikuwa umekwisha. Skrini iliandika "Hello", kisha "Hello" tena. Ukumbi mzima ukaendelea kusubiri msamaha ambao ulikuwa umeshatolewa.

Baada ya onyesho nilimtafuta mwongozaji, kijana mpole, nikamwambia. Aliniuliza ningeandika nini mahali pale. Nilimwambia asiandike kitu kingine: aache "Shikamoo" palepale, kwa herufi zake, tangu mwanzo wa filamu, kila mtoto anapomsalimu mkubwa. Mtazamaji ataiona mara ya kwanza asielewe, mara ya pili aone ni nani anayemwambia nani, na ikifika zamu ya bibi atakuwa anaisubiri "Marahaba" kama tulivyokuwa tunaisubiri sisi wawili.